Sura ya Tano: Wanaotunza Nyasi za Kitulo

Ukitoka Tukuyu kwenda Mbeya, migomba na mashamba ya chai yanakusindikiza mpaka baridi ianze kuuma. Ukifika Isyonje, barabara ya Kikondo na Makete inachepuka kulia na kupanda katikati ya mashamba ya viazi mviringo na pareto. Kadiri unavyopanda ndivyo miti inavyopungua na nyumba zinavyoachana, na mwishowe mbele yako panabaki nyasi na anga. Hapo umefika uwanda wa juu wa Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari.

Mtu akifika huko mwezi wa Agosti anaweza kuuliza kuna nini cha kulinda. Nyasi zimekauka, sakitu ya usiku imezichoma, upepo unavuma bila kizuizi. Mtu huyohuyo akirudi Februari atatembea kwa uangalifu, maana kila anapotaka kuweka mguu pana ua. Okidi nyeupe, za njano na za waridi zimesimama pamoja na lobelia na geranium, kilima baada ya kilima. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wanapaita Serengeti ya Maua.

Sura hii inawahusu watu ambao kazi yao ni kuhakikisha Februari ya namna hiyo inarudi kila mwaka: askari wa uhifadhi, kamati za mazingira za vijiji, na wakulima ambao mashamba yao yanapakana na hifadhi. Vitu wanavyolinda ni vidogo. Ni kiazi cha okidi kinachoenea kiganjani, mche wa msindano uliojiotea, cheche ya moto iliyoachwa shambani. Kwa sababu vitu hivyo ni vidogo, wengi wetu hatuioni kazi yenyewe, na ndiyo maana nimeipa sura nzima katika kitabu hiki.

Hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya mimea

Mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba Kitulo itakuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 2005 hatua za kisheria zikakamilika, na Tanzania ikapata hifadhi yake ya 14. Ilikuwa pia hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi, na imeunganisha nyasi za uwandani na msitu wa Livingstone unaoshuka upande wa Rungwe na Busokelo.

Uamuzi huo ulikuja baada ya miaka mingi ya watu kuitazama Kitulo kama ardhi inayongoja kutumiwa. Ramani za kikoloni ziliuita uwanda huu kwa jina la Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita hapo mwaka 1877. Baadaye serikali ilianzisha shamba la mifugo, na ng'ombe wa maziwa wapo Kitulo hadi leo jirani na hifadhi. Shamba hilo lina faida yake. Lakini kama uwanda wote ungelimwa au kulishwa mifugo, tungepoteza kitu ambacho hakuna bajeti inayoweza kukirudisha.

Mimea iliyotambuliwa Kitulo inafikia aina 350 hivi, na kati ya hiyo aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Baadhi ya mimea hii haioti popote nje ya nyanda hizi za kusini. Ndege nao wana sababu ya kupapenda. Tandawala wa Denham hutembea humo kwa madaha yake. Mbayuwayu buluu, ndege aliye hatarini kutoweka duniani, huja hapa kuzaliana wakati wa mvua, kisha huhamia maeneo ya Ziwa Victoria. Kiota chake hukijenga ndani ya mashimo yaliyo ardhini, katikati ya nyasi. Jembe likipita juu ya mashimo hayo, safari yake yote imekwenda bure.

Kisha yapo maji. Udongo wa Kitulo ni wa majivu ya volkano, na nyasi zimeushika kwa mizizi iliyosukana. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwanza, halafu yanatoka polepole kwenye chemchemi na mabonde oevu hata kiangazi kikiwa kimeshika. Upande wa kaskazini yanakwenda Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaozungusha mitambo ya umeme ya Mtera yenye uwezo wa megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204. Upande wa kusini yanashuka hadi Ziwa Nyasa, yakipita kwenye migomba, kakao na mpunga. Mkulima wa Kyela na kinyozi wa Morogoro anayewasha mashine yake asubuhi wote wana sehemu yao katika nyasi hizi.

Moto una majira yake

Kazi kubwa ya mwaka katika uwanda wa nyasi ni moto. Nyasi za Kitulo hazikuumbwa kuogopa moto wowote ule. Kiangazi kikiingia okidi nyingi hukauka juu, uhai wote ukabaki chini kwenye kiazi, na moto mwepesi hupita juu yake bila kuudhuru. Unapoondoa nyasi kuukuu, mwanga unafikia ardhi na mimea midogo inapata nafasi ya kuchipua. Madhara au faida ya moto hutegemea umewaka lini, na nani alikuwa amesimama pembeni yake.

Mwezi wa Mei na Juni nyasi bado zina unyevu. Moto uliowashwa wakati huo huwa mfupi, hutambaa, huacha vipande visivyoungua, na mara nyingi umande wa jioni unaumaliza. Mwezi wa Septemba na Oktoba mambo ni mengine. Nyasi zimekuwa kavu kabisa, upepo una nguvu, na moto unapanda mteremko kwa kasi ambayo mtu hawezi kukimbizana nayo. Moto huo hauishii kwenye nyasi. Unaingia kwenye ukingo wa msitu, na miti ya msitu wa milimani haina kinga yoyote dhidi yake. Mbaya zaidi, huo ndio wakati mimea mingine imeanza kutoa machipukizi ikisubiri mvua za Novemba.

Kwa hiyo mtunza nyasi hufanya kazi yake mapema. Anafyeka na kulima ukanda wazi kuzunguka sehemu zinazohitaji kinga, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Anachoma vipande kwa zamu, mwaka huu hapa, mwaka mwingine pale, ili mbayuwayu na panya wa nyasi wapate mahali pa kujificha wakati wowote. Kabla ya kuwasha, anafikicha konzi ya nyasi mkononi. Zikivunjika kama biskuti, wakati umeshapita. Zikikunjika, bado anayo nafasi. Anarusha majani makavu hewani kuona upepo unaelekea wapi. Wenzake wanajipanga nyuma na matawi mabichi ya kuupigia moto ukitaka kuruka ukanda.

Sehemu ngumu huja baada ya moto kuzimika. Kinyesi kikavu cha ng'ombe kinaweza kufukuta usiku kucha bila kutoa mwali, na kesho yake saa nane mchana upepo ukakiamsha. Kwa hiyo watu wanalala huko huko. Wanazunguka eneo lililoungua, wanageuza kila kisiki na kila kinyesi kinachotoa moshi, wanamwagia maji au udongo. Ni kazi ya baridi, ya macho mekundu na mgongo unaouma, na ikifanyika vizuri hakuna gazeti litakaloiandika.

Moto mbaya huanzishwa na watu wenye sababu zao. Mkulima anasafisha shamba la viazi, mfugaji anataka majani mabichi, mrina asali amebeba kienge chake msituni. Kumfokea mtu wa namna hiyo hakusaidii. Mazungumzo yanayozuia moto huwa mafupi na ya heshima, ya aina hii:

"Shikamoo baba. Shamba la juu mwaka huu utalisafisha lini?"

"Marahaba mwanangu. Nikimaliza kuvuna viazi."

"Basi tuambie siku mbili kabla, tuje tuusimamie moto pamoja."

Askari anayejua kuuliza hivyo anaokoa hekta nyingi kuliko anayesubiri kukamata watu.

Kiazi cha okidi na sahani ya chikanda

Adui wa pili wa Kitulo anakuja na jembe dogo. Anatembea asubuhi kwenye nyasi, macho chini, akitafuta majani mapana ya okidi za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria. Akiliona shina, anachimba, anatoa kiazi, anakifuta udongo na kukitia kwenye mfuko.

Viazi hivyo vinasafiri hadi Tunduma na kuvuka kwenda Zambia. Huko vinatwangwa, unga wake unachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, unapikwa mpaka unashikana, kisha unakatwa vipande. Chakula hicho ni chikanda, na kina heshima yake. Kilikuwa chakula cha vijijini na cha shughuli maalumu, kikawa cha mijini na cha sokoni. Walaji walipoongezeka, okidi za Zambia zikaadimika, na wafanyabiashara wakageukia nyanda za juu za Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi vilivyokuwa vikitoka nyanda hizo kwenda Zambia vilifikia hadi milioni 4 kwa mwaka. Biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuanzishwa kwa hifadhi.

Ili kuelewa hasara yake, inabidi kuijua okidi yenyewe. Chini ya shina moja kuna viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka jana, kimelegea kwa sababu kimelisha majani na maua ya mwaka huu. Kingine ni kipya, kigumu, kimejaa chakula cha kuotesha shina la mwaka ujao. Mchimbaji anataka hicho kigumu. Akikichukua, mmea huo hauna mwakani.

Mbegu nazo haziwezi kuziba pengo kwa haraka. Tunda moja la okidi lina mbegu nyingi mno, nyepesi kama vumbi, lakini hakuna hata moja iliyobeba akiba ya chakula kama ilivyo kwa punje ya mahindi. Mbegu hiyo inategemea kuvu maalumu waliomo ardhini waipe lishe ya kuanzia maisha. Isipowapata, inakufa. Ikiwapata, itachukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Ndiyo maana hatuwezi kusema tutapanda nyingine kama tunavyopanda viazi mviringo.

Okidi zote ziko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa. Sheria hizo ni lazima ziwepo. Hata hivyo mchimbaji wa kawaida ni kijana au mama wa kijijini anayelipwa fedha kidogo sana kwa mfuko mzima, huku faida ikibaki kwa wanunuzi wa mbele. Mtunza ardhi mwenye akili anawatazama wote wawili kwa jicho tofauti. Mnunuzi anapaswa kufuatwa mpaka mpakani. Mchimbaji anapaswa kuwa wa kwanza kufikiriwa zinapotokea ajira za hifadhi, iwe kufyeka njia, kuongoza wageni au kuhesabu maua, kwa sababu hakuna anayejua okidi zinakoota kuliko yeye.

Mti na mahali pake

Tanzania ina siku ya taifa ya kupanda miti, na watoto wetu wanafundishwa tangu shule ya msingi kwamba kupanda mti ni wema. Ni fundisho zuri. Lina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana wazi Kitulo.

Makete na Njombe ni nchi ya misindano na miwati. Miti hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini mbegu ya msindano ina bawa, na upepo wa nyanda za juu hauheshimu alama za mpaka. Mbegu inatua katikati ya nyasi, inaota, na baada ya miaka michache panakuwa na kivuli mahali ambapo tangu zamani palikuwa na jua. Okidi haiishi chini ya zulia la majani ya msindano. Chemchemi nayo hupungua, kwa kuwa mti unaokua haraka hunywa maji mengi kuliko nyasi.

Hivyo moja ya kazi za mtunza nyasi ni kung'oa miti. Mche mdogo unatoka kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Ukiachwa ukakomaa, unahitaji msumeno, na kabla haujakatwa umeshasambaza mbegu kwenye vilima vinavyofuata. Mpita njia akimwona askari wa uhifadhi anang'oa mti anaweza kudhani amechanganyikiwa. Anayeelewa atainama amsaidie.

Ukishuka upande wa Rungwe, kazi inageuka. Mlima Rungwe una kilele cha karibu mita 3,000, na msitu wake, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 13,600. Kati ya msitu huo na ule wa Livingstone kuna ukanda mwembamba uitwao Bujingijila, ambao uliharibiwa kwa ukataji na kilimo. Hapo panahitajika miti, tena ya asili, ili misitu miwili ishikane mikono. Mtunza ardhi yuleyule anayeng'oa misindano Kitulo atakuwa na kila sababu ya kuotesha miche ya asili kwa ajili ya Bujingijila.

Anayeuhitaji ukanda huo zaidi ni kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja nyani mwenye haya anayeishi juu ya miti mirefu, mwenye mlio wa peke yake. Watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, WCS, waliwasikiliza, wakamtafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 dunia ilitangaziwa, na mwaka 2006 wanasayansi wakathibitisha kwamba ni wa jenasi yake pekee, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Jina la kisayansi, Rungwecebus kipunji, limebeba mlima pamoja na jina alilopewa na wenyeji. Sensa ya kwanza ilikadiria kipunji 1,117 katika makazi yao yote. Iliyofuata, zaidi ya miaka kumi baadaye, ilihesabu 1,966. Ongezeko hilo lilitokana na doria, elimu na uoteshaji wa miti uliofanywa kwa uvumilivu, mwaka hadi mwaka.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walijua tangu zamani umuhimu wa kuulinda msitu. Walikuwa na vijisitu vya matambiko, kama kile cha Lubaga, ambavyo hakuna aliyethubutu kuviingiza shoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji, inasema kwa lugha ya bunge jambo ambalo wazee wa malafyale, yaani chifu wa Kinyakyusa, walilisema kwa lugha ya mizimu.

Somo kutoka Illinois

Nchini Marekani, jimbo la Illinois linajulikana kwa jina la utani la Jimbo la Nyasi. Karne mbili zilizopita nyasi ndefu zilifunika sehemu kubwa ya jimbo hilo. Mwaka 1837 fundi chuma John Deere, akiwa katika kijiji cha Grand Detour, alitengeneza plau ya chuma kilichosuguliwa kikawa laini, iliyoweza kuukata udongo mzito wa nyasi bila kugandwa. Leo katika Illinois haijabaki hata sehemu moja katika mia ya nyasi zile za asili. Iliyobaki imegeuka mahindi na soya.

Si mbali na Grand Detour kuna mahali panaitwa Nachusa. Mwaka 1986 shirika la The Nature Conservancy lilianza kununua ardhi hapo ili kurudisha nyasi. Tangu wakati huo watunza ardhi na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanya mbegu kwa mikono, aina kwa aina, wakizikausha, wakizichanganya na kuzimwaga kwenye mashamba yaliyokuwa ya mahindi. Wanachoma moto kwa majira, wanang'oa magugu ya kigeni. Mwaka 2014 walirudisha hata nyati wa Kimarekani. Ni kazi ya kupongezwa, na imechukua karibu miaka 40.

Watu wa Nachusa wangetoa chochote wapate eneo kubwa la nyasi ambalo halijawahi kuguswa na plau. Sisi tunalo. Lipo saa chache kutoka Tukuyu.

Kazi iliyo mbele yetu

Halmashauri za Rungwe, Busokelo na Makete zinapaswa kuupanga moto kama zinavyopanga pembejeo: kwa kalenda inayojulikana kijiji kwa kijiji, na fedha za kufyeka kanda za moto zitoke kabla ya Mei. Shule zilizo jirani na uwanda zifundishe watoto kutofautisha msindano na mti wa asili, na okidi na jani la kawaida. Wenye mashamba ya miti waache nafasi pana kati ya misindano yao na mpaka wa hifadhi. Vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wapewe kipaumbele katika kila ajira inayopatikana humo, maana ulinzi wa jirani hauna mbadala.

Nawe msomaji, panda Kitulo kati ya Desemba na Aprili. Chukua mwongozaji wa kijijini, mlipe haki yake, tembea kwenye njia, na usichume ua lolote. Ukikuta mtu anachimba, au moshi unapanda Oktoba, toa taarifa kwa askari au kwa serikali ya kijiji siku hiyohiyo. Kuzitunza nyasi zilizo hai kunagharimu jasho la msimu mmoja kila mwaka. Kuzifufua zikishakufa kunagharimu maisha ya vizazi, na hata hivyo hazirudi zote.